Msimbati Isigeuke Msimbazi

Sheria inamkataza mama wa Msimbati kukata mkandaa mmoja wa kuni. Nakubaliana nayo. Inamkataza mwanawe kuburura kokoro ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Bahari, na hilo nalo sina ugomvi nalo. Swali langu ni jingine, na nimeliuliza katika warsha mbili tatu bila kuambulia zaidi ya tabasamu: ni nani, katika Msimbati hiyo hiyo, aliyewahi kutozwa faini kwa sababu ya maji? Sizungumzii maji ya kisima. Nazungumzia maji ya mvua yaliyokusanywa na mabati, saruji na kifusi kilichoshindiliwa, yakaelekezwa kwa mtaro hadi mikokoni, yakiwa yamebeba mchanga, mafuta ya magari na mifuko ya plastiki.

Kwa wasiopajua: Msimbati ni ukanda wa mchanga ulioingia baharini kusini mwa mji wa Mtwara. Upande mmoja kuna Ghuba ya Mnazi, upande wa pili Bahari ya Hindi, na ukiendelea kusini unafika Mto Ruvuma unapomwaga maji yake mpakani na Msumbiji. Tangu mwaka 2000 eneo hili lote limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye takriban kilomita za mraba 650 za nchi kavu, visiwa, mikoko na matumbawe. Chini ya ardhi yake kuna gesi iliyogunduliwa mwaka 1982, ambayo tangu mwaka 2015 husafishwa Madimba na kusafirishwa kwa bomba kubwa hadi Dar es Salaam. Hapa pana vitu viwili ambavyo dola inavilinda kwa nguvu zake zote, hifadhi na gesi. Kitu cha tatu, yaani maji yanayotembea juu ya ardhi baina ya hivyo viwili, hakina mwenyewe.

Neno ardhioevu ni la wataalamu. Mwananchi wa kawaida husema bwawa, dimbwi, kinamasi, bonde la mpunga, mikokoni. Tunaposikia maneno hayo masikio yetu ya kiofisi husikia mahali palipokosa kazi, pa kujazia kifusi ili papate thamani. Ukweli ni kwamba palikuwa na kazi kabla ya sisi kuja. Mvua ya Mtwara huja kwa msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo ni miezi ya ukame mtupu. Bonde linalotuama maji mwezi Februari ndilo linaloyashusha taratibu mchangani ili kisima kifupi kiwe na maji mwezi Septemba. Chini ya ukanda wa mchanga kama ule, maji baridi hukaa juu ya maji ya bahari kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi, kwa sababu ni mepesi kuliko yale ya chumvi. Wanaosoma elimu ya maji ya ardhini hufundishwa mapema kwamba kwa kila sentimita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban sentimita 40 chini ya usawa huo zinazoyazuia maji ya chumvi. Kanuni hiyo husomeka pia kinyume. Ukipoteza moja juu, unapoteza 40 chini. Kwa hiyo anayeharakisha maji ya mvua kwenda baharini kwa jina la kuondoa madimbwi anamnyang'anya jirani yake kisima, japo hakuna atakayemwona akifanya hivyo.

Tufanye hesabu kidogo. Wanafunzi wangu wanajua kwamba siachi makala ipite bila hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Barabara ya lami yenye upana wa mita 7 na urefu wa kilomita moja ina mita za mraba 7,000. Mvua ya milimita 50, ambayo pwani yetu huipata kwa siku moja bila mtu kuiita maafa, inaangusha juu ya kipande hicho lita 350,000. Hayo ni maboza 35 ya lita 10,000 kila moja. Juu ya mchanga wenye nyasi na mikorosho, sehemu kubwa ya maji hayo ingezama pale pale ilipoangukia. Juu ya lami karibu yote yanaondoka, na yanaondoka kwa pamoja. Barabara ya Mangamba–Madimba–Msimbati, ambayo kwa miaka mingi imetajwa katika mipango ya kuwekwa lami, ina urefu wa kilomita kama 35. Zidisha mwenyewe.

Siipingi lami. Aliyewahi kusafiri na mjamzito katika tope la Machi hawezi kuipinga, na mimi nisingethubutu kuwaambia watu wa Msimbati kwamba gesi yao iende Dar es Salaam kwa bomba la kisasa huku wao wakibaki na vumbi ili mimi nifurahie mazingira. Hoja yangu iko chini ya lami: ni karavati. Barabara inapopita bondeni lazima iinuliwe kwa tuta, na tuta lolote lisilo na matundu ya kutosha ni bwawa ambalo hakuna aliyeliombea kibali. Upande wa juu maji hutuama mpaka kwenye vizingiti vya nyumba. Upande wa chini bonde lililozoea kupata maji baridi kila msimu hukauka, na mikoko iliyoishi kwa mchanganyiko wa chumvi na maji baridi hubakiziwa chumvi peke yake. Na pale lilipowekwa karavati moja mahali palipohitaji matano, maji yote hutoka kwa tundu moja kwa nguvu, yakachimba korongo, yakabeba mchanga hadi kwenye majani ya bahari ambako akina mama huokota pweza na chaza maji yanapokupwa. Matumbawe huishi kwa mwanga. Yakifunikwa na tope hayahitaji baruti kufa.

Sasa tulifuate tone moja tu la mvua. Likianguka barabarani, ni la TANROADS. Likiingia mtaro wa njia ya kijijini, ni la TARURA, ambayo tangu mwaka 2017 imepokea barabara za halmashauri pamoja na mifereji yake. Likifika kwenye kijito, ni la Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao yake pale pale Mtwara. Likiingia mikokoni, ni la Wakala wa Huduma za Misitu. Likifika baharini, ni la Hifadhi ya Bahari. Likimwua mtu njiani, tutaitisha kikao cha kamati ya maafa. Kila taasisi kati ya hizi ina sheria yake, bajeti yake na gari lake, na kila ofisa utakayemuuliza atakuonyesha, kwa adabu na kwa usahihi kabisa, mpaka ambapo wajibu wake unakoma. Kijiji, ambacho ardhi yake ndiyo iliyokanyagwa na tone hilo tangu mwanzo hadi mwisho, kina kazi moja tu katika mpangilio huu: kukusanya watu wasaini karatasi ya mahudhurio.

Wapo watakaosema tatizo ni kukosekana kwa sheria. Hapana, sheria zimejaa kabati. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinahesabu mikoko, ardhioevu na ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita hizo 60. Mwaka 2000 Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Ramsar, na baadaye tukaandikisha maeneo manne, likiwemo la Rufiji–Mafia–Kilwa mwaka 2004. Maingilio ya Ruvuma hayamo katika orodha hiyo, na sijapata kusikia mbunge yeyote wa kusini akiuliza kwa nini.

Lakini tazama sheria hizi zinavyopima kosa. Zinapima umbali. Mita 60, basi. Aliyejenga kibanda cha udongo mita 50 kutoka ufukweni ni mvunja sheria anayeonekana kwa macho na kwa futi kamba. Aliyesakafia hekta mbili kilomita moja kutoka ufukweni, akayamwaga maji yake yote kwa mtaro hadi bondeni, ametii mita 60 kikamilifu. Maji hayajui umbali huo, lakini ofisa anaujua, na ndiyo maana anayebanwa siku zote ni maskini aliye karibu na maji. Tajiri aliye juu ya mteremko hupewa cheti.

Mfano tunao, tena wenye jina linalotofautiana na Msimbati kwa herufi moja. Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam lilitengwa tangu zamani lisijengwe, na likajengwa. Desemba 2011 mafuriko yaliua makumi ya watu, na waliookoka wakapelekwa Mabwepande. Desemba 2015 yakaja matingatinga na alama nyekundu za X kwenye kuta za nyumba za bondeni. Wakati huo huo, katika bonde lile lile pale Jangwani, serikali yenyewe ilikuwa imejenga karakana ya mabasi yaendayo haraka. Mafuriko yaliyofuata yaliizamisha karakana mara kwa mara, mabasi yakaogelea, na sisi walipa kodi tukanunua vipuri. Leo kuna mradi wa dola milioni 200 za Marekani, kwa fedha za Benki ya Dunia, Hispania na Uholanzi, wa kurekebisha bonde hilo. Sina neno na mradi. Ni kazi inayohitajika. Ninachosema ni kwamba tumekopa mamilioni ili kurudisha kazi ambayo kinamasi kilikuwa kikiifanya bure, na kwamba aliyebomolewa nyumba alikuwa na kosa lile lile la aliyejenga karakana.

Msimbati bado haijafika huko. Ndiyo maana inafaa kuzungumzwa sasa, wakati gharama yake ingali karatasi, wino na ubishi wa mikutano.

Chombo cha kufanyia kazi hiyo tunacho tangu mwaka 1982. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7, kifungu cha 163, inaipa Halmashauri ya Kijiji mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Inataka wananchi waitwe kwenye mkutano watoe maoni, kisha sheria ndogo ipelekwe kwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Nimesoma sheria ndogo za vijiji kadhaa vya pwani ya kusini, na nawaambia wanafunzi wa sheria watafute mada za tasnifu humo. Utakuta faini ya kuchunga mbuzi shambani, faini ya kutohudhuria msaragambo, faini ya kupiga ngoma usiku. Kila kosa ni la mwanakijiji dhidi ya kijiji. Sijakuta hata moja ambamo kijiji kinamdai mtu wa nje chochote. Tumekifundisha kijiji kujichapa chenyewe.

Ningependa Msimbati itunge sheria ndogo inayoanzia mahali pengine, yaani kwenye uso wa ardhi uliozibwa. Yeyote anayeziba ardhi ya kijiji kwa zaidi ya kiwango ambacho mkutano utakipanga, awe mwenye hoteli, kampuni, shule au wakala wa serikali, abaki na maji ya mvua ya kwanza ndani ya eneo lake kwa shimo, bwawa au tangi, na yanayozidi ayatoe polepole kwa njia iliyokubaliwa. Jambo hili halikubuniwa na mimi. Miji ya Ujerumani humtoza mwenye kiwanja ada ya maji ya mvua kwa kila mita ya mraba aliyoizuia isinywe maji, na hakuna mwekezaji aliyeihama nchi hiyo kwa sababu hiyo. Hatuhitaji kwenda mbali hivyo: mwaka 2022 Kigali ilifungua bustani ya Nyandungu, kinamasi kilichokuwa kimeharibiwa, kikarudishiwa kazi yake ya kupokea na kuchuja maji ya jiji.

Pili, mabonde ya kijiji yaandikwe kwa majina yake. Mpango wa matumizi ya ardhi unaotajwa na Sheria Na. 6 ya mwaka 2007 uyachore moja moja, kwa jina ambalo bibi wa hapo hulitumia, pamoja na njia ambayo maji huipita yakija na yakitoka. Bonde lisilo na jina kwenye ramani hugawiwa viwanja. Na hapa nisiwapambe wanakijiji kwa sifa wasizozitaka. Viwanja vya bondeni huko pwani haviuzwi na NEMC. Vinauzwa na majirani kwa majirani, mara nyingi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji anayechukua chake kwa kushuhudia, na mnunuzi hupelekwa kukiona mwezi Agosti. Sheria ndogo isiyomgusa mwenyekiti huyo haitamgusa yeyote.

Tatu, na hili ndilo litakaloleta kelele: mkandarasi yeyote wa barabara asikabidhi kazi ndani ya ardhi ya kijiji mpaka Halmashauri ya Kijiji imeyakagua makaravati baada ya walau mvua moja kubwa. Mhandisi ana mahesabu, naye mzee wa Msimbati anajua maji yalifika wapi katika mvua za El Niño za 1997 na 1998. Daftari la mhandisi likikosa habari hiyo ni daftari pungufu.

Rafiki yangu mwanasheria ameshanionya kwamba wakala wa serikali atajitetea kuwa sheria ndogo ya kijiji haimfungi. Huenda. Basi Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara iipandishe kuwa sheria ndogo ya wilaya kwa idhini ya Waziri, kwani mamlaka hayo inayo. Na hata kabla ya hapo, andiko lililopitishwa na mkutano wa kijiji ni silaha ambayo tathmini ya athari kwa mazingira haiwezi kuiruka, maana mshauri atalazimika kulijibu kwa maandishi. Tusisahau pia kwamba mahakama zetu zimewahi kusikiliza. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa kumwaga taka mtaani kwao, wakashinda. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani, na mwaka 1991 wakazi wa huko nao wakaenda Mahakama Kuu, nao wakashinda. Hawakuwa na wizara nyuma yao.

Watumishi wa umma wanaonisoma, na najua mpo, mtasema wananchi wa Msimbati hawaelewi uhifadhi. Kwamba waliipinga Hifadhi ya Bahari tangu mwanzo. Waliipinga, ni kweli, na mwanaanthropolojia Vinay Kamat ametumia miaka mingi kuandika kwa nini. Waliona kanuni zikishuka kutoka juu zikiwa zimekamilika, zikitaja ukubwa wa matundu ya nyavu zao na zikinyamaza kuhusu mitambo. Ila pwani hii hii, miaka ya 1990, vijiji vya Mtwara, Lindi na Kilwa viliunda mtandao wao, Shirikisho, kupambana na uvuvi wa baruti, wakati ambapo vyombo vya dola vilikuwa vimeshindwa au vimejifanya kushindwa. Walikabiliana na wavuvi wa baruti waliokuwa ndugu zao. Watu hao hao leo tunawaambia hawawezi kusimamia mtaro.

Wanaharakati nao wana lao. Tangu ghasia za gesi za mwaka 2013, kila jambo la Mtwara tumelisoma kwa kitabu kimoja: gesi imekwenda wapi na fedha imekwenda wapi. Ni swali halali. Lakini ushuru wa huduma unaolipwa na kampuni za gesi kwa halmashauri unaweza kudaiwa kwa sauti ya juu bungeni na bado usichimbe hata shimo moja la kupokea maji Msimbati, kwa sababu hakuna andiko la kijiji linalosema shimo hilo linatakiwa. Madai yasiyo na kipimo humpa mtawala nafasi ya kuyajibu kwa hotuba.

Na mvua hazisubiri. Aprili 2019 Mtwara nzima iliwekwa katika tahadhari Kimbunga Kenneth kilipokaribia. Kikaelekea kaskazini mwa Msumbiji, kikaiharibu Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikaja kwetu, kikapiga Mafia na pwani ya jirani. Mara zote mbili tulipokea simu za tahadhari. Hakuna mara hata moja tuliyoulizwa baadaye maji yalipita wapi.

Sheria inataka Mkutano Mkuu wa Kijiji ukutane walau mara moja kila miezi mitatu. Kuna mkutano mmoja, labda miwili, kabla ya Novemba. Wanafunzi wa sheria na wa mipango miji mnaotoka Mtwara, rasimu ya kurasa nne inatosha, na mimi niko tayari kuisoma na kuirudisha ikiwa na wino mwekundu ndani ya wiki moja. Ipelekeni kwa ofisa mtendaji wa kijiji, naye aigonge muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Kisha nakala yenye muhuri huo iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, na siku zianze kuhesabiwa.